Tupeane uzoefu: siku ulipouweka mti wa ukoo mtandaoni, ndugu zako walisemaje?

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu. Kikao cha ukoo wetu, ambacho hukutana hapa Uyole kila baada ya Krismasi, kilinikabidhi daftari la katibu wa zamani na kuniagiza niyaingize majina yote mtandaoni, ili vijana walioko Dar es Salaam na nje ya nchi wayaone bila kusubiri msiba uwakutanishe. Nilichagua FamilySearch, programu ya nasaba ya mtandaoni, kwa sababu moja tu, kwamba haitozi fedha. Majina 143 niliyamaliza kwa majuma matatu, tena kwa simu, nikajiona nimemaliza kazi.

Tabu ilianza nilipowatumia ndugu kiungo. Sikuwa nimeelewa kwamba pale hakuna mti wangu wala wako. Waliofariki wote wamo katika mti mmoja wa dunia nzima, na yeyote mwenye akaunti anaweza kurekebisha. Binamu yangu wa Arusha alilifuta jina la babu tulilolizoea akaweka la ubatizo, mdogo wake akalirudisha la nyumbani, na wakaendelea kufutiana hivyo mara nne kabla sijagundua kwamba kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, na kwamba la zamani linaweza kurejeshwa. Sasa majina yote mawili yamo, moja likiwa jina kuu na jingine jina mbadala, lakini binamu hao hawajaanza kusalimiana vizuri.

Naomba tupeane uzoefu. Mlitumia programu gani, mlimruhusu nani kuandika, na mlipatanaje pale ndugu walipotofautiana?

Mchangiaji wa Tukuyu

Kwetu ugomvi haukuwa wa majina bali wa miaka na wa nyumba, yaani nyumba kubwa na nyumba ndogo kwa maana ya zamani ya maneno hayo.

Nianze na miaka. Programu inakudai tarehe ya kuzaliwa, na bibi yangu hana tarehe, ana matukio. Mama yake, kwa mujibu wa bibi, alikuwa ameshaota meno lakini hajaanza kutembea siku ardhi ilipotikisika hadi vyungu vikaanguka. Nilipotafuta nikakuta kwamba tetemeko kubwa la upande wa Rukwa lilitokea tarehe 13 Desemba 1910, kwa hiyo nikaandika kwamba alizaliwa takriban mwaka 1910, na neno takriban nikalibakiza. Mdogo wake alizaliwa mwaka wa homa, ambayo nadhani ni ile iliyokuja vita vya Wajerumani na Waingereza vikiisha, mwaka 1918. Kwa waliozaliwa karibuni zaidi, swali ninaloliuliza ni kama walizaliwa kabla au baada ya kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na hapo kila mzee anajibu papo hapo, hata yule asiyekumbuka umri wa watoto wake. Maelezo yenyewe ya bibi nayaandika kwenye sehemu ya maelezo kama alivyoyatamka, kwa kuwa mimi naweza kukosea hesabu na atakayekuja baada yangu anastahili kuikuta hesabu ilikotoka.

Kuhusu nyumba, babu mkubwa alipofariki, mdogo wake alimrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi kwa Wanyakyusa, na mjane huyo akazaa watoto wengine watatu. Mjukuu mmoja aliyesoma aliwaunganisha watoto wote saba na mume wa kwanza, akidai kwamba kimila ni wake. Mzee mmoja akasema kimila ni kweli, lakini damu ni damu. Tulichofanya ni kumwandikia mama waume wawili, kila mtoto chini ya baba aliyemzaa, kisha wale watatu wa mwisho tukawaongezea uhusiano wa pili wa ulezi kwa yule wa kwanza, maana programu inaruhusu mtoto mmoja kuwa na wazazi wa aina zaidi ya moja. Wazee waliridhika. Yule mjukuu hakuridhika, na mpaka leo ana mti wake peke yake kwenye programu nyingine ya nasaba, MyHeritage.

Mchangiaji wa Kalenga, Iringa

Nasema kwa heshima kwamba kila mti wa Mhehe unaoanzishwa mtandaoni hutamani kufika kwa Mkwawa. Mimi mwenyewe nilitamani. Nilipotafuta jina la baba wa babu yangu, nikapata mti wa mtu nisiyemfahamu uliompandisha hadi kwa Mtwa (chifu) Mkwawa kupitia mtoto wake aliyeandikwa kuzaliwa mwaka 1903. Mkwawa alifariki tarehe 19 Julai 1898, na kila aliyewahi kuingia katika makumbusho ya hapa kwetu ameliona fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nilimwandikia mwenye mti kwa adabu. Alinijibu kwamba tarehe za Wazungu haziaminiki.

Kilichonisaidia kuupata mlango wangu wa kweli, yaani tawi langu la ukoo, si jina kabisa. Sisi Wahehe ukoo hutambulikana kwa jina la sifa unaloitikiwa na kwa mwiko wa chakula unaorithiwa kwa baba, na watu wawili wenye jina moja la ukoo wanaweza kuwa na miiko tofauti, jambo linaloonyesha kwamba hawatoki mlango mmoja. Programu hizi hazina kisanduku cha mwiko. Zinaruhusu, hata hivyo, kuongeza taarifa ya kujitungia, kwa hiyo nimeandika "Mwiko" na chini yake nikaweka usichokula. Pendekezo likija kwamba fulani wa Ifunda anaweza kuwa ndugu yangu, huwa namuuliza kwanza nyumbani kwao hawali nini.

Mchangiaji wa Njombe

Sisi tulikwama kanisani. Babu yangu ni mzee wa usharika wa Kilutheri, na aliposikia kwamba FamilySearch inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Salt Lake City, aliuliza wanayatakia nini majina ya marehemu wetu. Nilimjibu ukweli: kanisa hilo linaamini katika kubatizwa kwa niaba ya waliofariki, na ndiyo sababu limekusanya kumbukumbu za nasaba tangu mwaka 1894. Akakataa, nami nikaona ni haki yake. Tunatumia Gramps, programu ya bure inayokaa ndani ya kompyuta bila kuhitaji intaneti, na kila Desemba natoa faili la GEDCOM na kuwagawia ndugu kwenye flashi. Faili hilo hufunguka karibu katika programu zote za nasaba, ila lenyewe hubeba maandishi tu, kwa hiyo picha igawie kando. Mimi nilijifunza hilo baada ya kupoteza picha za harusi za mashangazi.

Mchangiaji wa Mbozi

Naongeza jambo dogo kuhusu mahali, ambalo lilinizalia watu pacha wasiokuwepo. Baba yangu alizaliwa Mbozi mwaka 1950. Wakati ule hapa palikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, baadaye pakawa Mkoa wa Mbeya, na tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Ndugu watatu walimwandika baba huyo huyo wakiwa na mikoa mitatu, programu ikaona ni watu watatu, na kuwaunganisha kulinichukua jioni nzima. Watu wa Njombe watapatwa na hayo hayo, kwa kuwa hadi mwaka 2012 walikuwa Mkoa wa Iringa. Na mkifika kwenye vyeti vya kale vya misheni msishtuke kukuta Neu Langenburg, maana ndiyo Tukuyu ya Wajerumani.

Mchangiaji wa Makete

Ukoo wa Sanga kwetu Ukinga ni kama mchanga wa ziwani. Nilipoweka babu yangu MyHeritage nilianza kupokea mapendekezo ya "ndugu" kila wiki, na wiki za mwanzo nilikuwa nayakubali kwa furaha. Baada ya mwezi nilikuwa na mababu wawili waliozaliana wao kwa wao. Nilifuta yote nikaanza upya, nikaishia watu 250, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha bure, na sijaongeza mtu tangu hapo. Kwa kweli nimefurahi kwamba kuna kikomo.

Kikwazo kingine ni wale waliotoka kwenda kutafuta. Babu wawili wa kwetu waliondoka kama manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na hawakurudi, na mwingine alichukuliwa na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, kwenda migodini Afrika Kusini. Kwenye daftari la ukoo wameandikwa "alipotea". Nimewaacha hivyo, wala sikuwawekea alama ya kufariki, kwa sababu mama yao alikataa kuweka matanga hadi mwisho wa uhai wake.

Mchangiaji wa Tukuyu

Naheshimu sababu yako, lakini fahamu namna FamilySearch inavyolichukua jambo hilo, kama utaihamia. Mtu asiye na taarifa ya kifo, ikiwa hajafikisha miaka 110 tangu kuzaliwa, huhesabiwa yu hai, na aliye hai kwa kawaida huonekana na yule aliyemwandika tu. Ndugu zako hawatawaona babu hao, hata wakiingia kwa akaunti zao.

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya

Ahsante sana, mwenzangu wa Tukuyu, kwa kuwa umegusa kidonda chetu chenyewe. Nilisema nilikabidhiwa daftari la katibu wa zamani, ila sikueleza sababu. Marehemu katibu alikuwa ameshaanza kazi hii kabla yangu, akaingiza walio hai wote wa milango minne, watoto wadogo wakiwemo, kila mmoja na picha yake. Alifariki bila kumwachia mtu nywila. Nikiingia kwa akaunti yangu nawaona mababu wote alioandika hadi kizazi cha sita, tena pamoja na sauti ya bibi aliyomrekodi akiyataja majina. Walio hai, ambao ndio sisi, siwaoni hata mmoja.

Siku hizi programu inaruhusu kuunda kundi la familia linaloona walio hai kwa pamoja, nasi tumeshaliunda na kuweka wasimamizi watatu badala ya mmoja. Majina tunayaandika upya. Simu ya marehemu iko kwa binti yake Songea, naye ameahidi kuja nayo Pasaka tujaribu kuifungua.