Jaketi la Gore-Tex linanyonya maji baada ya kufuliwa, naombeni msaada kabla ya Jumamosi

Mgumu_Asili:
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja maana muda sina. Kuna jaketi la mvua hapa, Gore-Tex orijino, sio zile za kubandikwa nembo stendi. Lilikuwa maji yakiligusa yanateleza kama kwenye jani la magimbi, unakung'uta mara moja limekauka. Juzi limefuliwa, limekauka vizuri na linanukia, sasa jana mvua kidogo tu toka barabara ya Kibosho mpaka Majengo mabega yote yamelowa, kitambaa kimekuwa kizito na ndani kuna ubichi. Jumamosi tuna safari ya Machame, ile njia ya kupanda Kilimanjaro, na hizi vuli mnazijua, kutoka geti mpaka kambi ya kwanza msitu wote unamwaga. Swali langu ni moja, kuna dawa ya kupuliza ya silikoni ya mahema nimeiona dukani mjini, na kuna jamaa kanambia nisugue mshumaa halafu nipige pasi. Ipi bora? Wenye uzoefu tu tafadhali.

Karanga_Mbichi:
Mshumaa na pasi? Mkuu hapo unatibu jaketi au unafanya maombi. Nimekaa siti ya mbele.

MamaJunior:
Kwani mwamvuli umekosa nini jamani

Mgumu_Asili:
Dada mwamvuli utaushika na mkono upi, kichwani kuna mzigo wa kilo 20 na njia ni mizizi na utelezi. Naomba tujibu swali.

FundiMahema:
Mkuu kabla ya mshumaa tuambie umelifuaje. Sabuni gani, maji gani, ulikamua au hukukamua.

Mgumu_Asili:
Nimefua kawaida tu kama nguo nyingine. Spirei au mshumaa ndo swali.

Boda_wa_Njoro:
Mimi la kwangu ni lile la plastiki zito la bodaboda, siku moja wife akaona limejikunja akasema alinyooshe na pasi. Ile harufu mpaka leo haijatoka chumbani. Koti limegandia kwenye pasi, pasi ikahamia kwenye shati langu la kanisani, na ilikuwa Jumapili asubuhi, nikaenda ibadani na fulana ya timu. Mchungaji akanitolea mfano mimi. Kwaiyo pasi na koti la mvua mimi siwezi kushauri.

FundiMahema:
Pole Boda, ila lako ni PVC, hilo hata jua kali halilitaki, unalifuta na kitambaa chenye maji ya sabuni unalitundika basi. La OP, mwenye uzi, ni kitu kingine kabisa. OP, "kawaida" ndo ipi? Hapa kuna watu kawaida yao ni kuchemsha.

Mtoro_Glasgow:
Huku Glasgow jaketi la mvua ndo sare ya taifa. Ukishalifua unalitia kwenye mashine ya kukaushia joto la chini, likikauka unaliongezea dakika 20 humohumo, ile dawa ya juu ya kitambaa inaamka. Wala usihangaike.

Mgumu_Asili:
Mashine ya kukaushia mkuu? Mimi nakaushia kwenye kamba na jirani anaanika hapohapo maharage.

MamaJunior:
Sasa si useme umefuaje, mtu anakuuliza mara mbili unazunguka. Ukienda kwa daktari pia unamficha?

Mgumu_Asili:
Sawa. Lilikuwa na matope ya kufa mtu, na mafuta yale ya kujipaka kukinga jua yamejaa kwenye kola. Nikaloweka na sabuni ya unga usiku kucha, asubuhi nikasugua na brashi, nikasuuza, suuza ya mwisho nikaweka ile ya kulainisha nguo ili linukie. Nguo za watoto nafua hivyohivyo na hakuna aliyewahi kulalamika. Nimefua vizuri kuliko dobi yeyote hapa mjini.

FundiMahema:
Ahsante. Sasa tunaongea.

Sikiliza. Hilo jaketi halijavuja, au angalau bado hatujui kama limevuja. Gore-Tex ni matabaka. Katikati kuna utando mwembamba sana wenye vitundu ambavyo tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Ulipatikana 1969, Robert Gore alikuwa anavuta vipande vya teflon vilivyopashwa moto, akivuta taratibu vinakatika, akavuta kwa hasira vikatanuka, ndo ikawa hivyo. Huo utando huuoni, umebanwa ndani. Unachokiona wewe ni kitambaa cha nje, na hicho kiwandani kinapakwa dawa ya kufukuza maji. Tone linasimama kwa sababu ya hiyo dawa, sio kwa sababu ya utando.

Sasa sabuni ya unga hata usuuze vipi inabaki kwenye nyuzi, na inayobaki inavuta maji. Hiyo ya kulainisha ndo mbaya zaidi, kazi yake ni kuacha tabaka juu ya nyuzi. Kwaiyo kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi, mvuke wa mwili wako ukifika pale hauna pa kutokea unageuka maji ndani. Unasema linavuja kumbe ni jasho lako mwenyewe.

Pima hivi: chukua karatasi ya chooni kavu, iweke ndani ya bega, nje mimina maji na kikombe, subiri, sugua kidogo kwa kiganja. Karatasi ikitoka kavu utando ni mzima. Ikilowa angalia ile tepu iliyoziba mishono kwa ndani, kama imebanduka ndo hapo pa kulia.

Karanga_Mbichi:
Fundi umetisha. Mimi nilijua Gore-Tex ni jina la mtaa.

Babu_wa_Umbwe:
Enzi zetu tulipanda na masweta ya mtumba ya Kiboriloni na mfuko wa mbolea mgongoni, mvua ikinyesha unatoboa mfuko sehemu ya kichwa. Vijana wa siku hizi Gore-Tex, soli za kugandisha, na bado wanalia baridi.

FundiMahema:
Babu na wangapi walishuka na machela? Kule juu ukilowa halafu usiku ukaingia ni habari nyingine. Tuendelee. OP tupia picha ya lebo ya ndani, ina alama za kufulia.

Mgumu_Asili:
[picha] Hiyo hapo.

Mpelelezi_wa_Kata:
Asante kwa picha. Nimeikuza. Juu ya lebo kwenye kola kuna jina limeandikwa na kalamu ya wino mzito, na sio jina la huku kwetu. Jaketi la nani hilo?

Mgumu_Asili:
Mtumba bro. Soko la Memorial pale. Majina yanakujaga nayo.

Mpelelezi_wa_Kata:
Halafu ulivyoanza uzi umeandika "kuna jaketi hapa". Mtu mwenye jaketi lake anasema jaketi langu. Na mafuta ya kujipaka jua kwenye kola, mgumu gani wa Moshi, mpagazi mzima, anajipaka mafuta ya jua? Mimi narudia, la nani?

MamaJunior:
Eeeeh!

Mgumu_Asili:
Nyie watu kweli hamna kazi. Haya ni la mgeni. Tulipanda naye Meru, ametangulia Tarangire kupumzika anarudi Ijumaa, Jumamosi tunaingia naye Machame. Akaniachia nimpelekee dobi. Sasa hiyo inabadilisha nini kwenye swali la spirei?

MamaJunior:
Inabadilisha kila kitu! Alikupa hela ya dobi?

Mgumu_Asili:
Alinipa. Nimefua mwenyewe, kwani mikono yangu haifanyi kazi? Dobi angetia kemikali za ajabu au angelichoma. Kazi imefanyika, hela imeenda kwenye ada. Sioni kosa.

Boda_wa_Njoro:
Na jana toka Kibosho mpaka Majengo ulilivaa kufanya nini sasa 😂

Mgumu_Asili:
Nilikuwa nalijaribu.

Karanga_Mbichi:
Alikuwa analijaribu. Nimeangusha karanga zote chini.

MamaJunior:
Mwanaume mzima unavaa nguo ya mgeni mjini. Kama huna ya kwako pale KPAP, lile shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bure, unaacha kitambulisho unarudisha mkishuka. Uaminifu ndo mtaji wa hiyo kazi yenu, mgeni mmoja akiandika vibaya kwenye intaneti kampuni nzima inakosa watu.

Babu_wa_Umbwe:
Mama usimkaange sana. Mimi mgeni aliwahi kuniachia buti zake zimelowa, nikaziweka karibu na jiko la kupikia nimfurahishe asubuhi azikute za moto. Alizikuta za moto, ila soli zimeachama zote mbili. Tukazifunga na kamba mpaka geti. Alinipa tipu kubwa kuliko wenzake, sijui kwa huruma au kwa nini.

FundiMahema:
OP achana nao. Usinunue silikoni, narudia USINUNUE. Ile ya mahema ni ya kitambaa ambacho hakihitaji kupumua, ukiiweka juu ya jaketi hilo inaziba na kuitoa ni shughuli. Mshumaa ndo kabisa, nta itaingia kwenye nyuzi na siku ya jua itaokota vumbi lote la uwanda wa Shira kule juu.

Mgumu_Asili:
Spirei nimeshanunua. Mkono wa kushoto nimeshapuliza. Muuza duka kasema inafaa nguo zote na chupani kuna picha ya mtu kavaa jaketi, sasa nimwamini nani? Na maji kwenye huo mkono kwa kweli yanateleza.

FundiMahema:
Mungu wangu. Acha hapohapo, mwili na mkono wa kulia usiguse.

Fanya hivi leo usiku. Funga zipu zote na zile za kunata. Beseni la maji ya uvuguvugu, yasizidi digrii 40, yaani mkono unakaa bila kuona moto. Sabuni ya maji kidogo sana isiyo na harufu kali wala rangi, kama unayo Nikwax Tech Wash ndo yenyewe. Bonyezabonyeza, brashi weka pembeni, kola ipitie na sponji. Halafu suuza, mwaga, suuza tena mpaka maji yasiwe na povu hata ukiyapiga kwa mkono. Usikamue kwa kusokota, litundike kwenye henga lichuruzike kivulini. Likikauka KABISA, pasi joto la chini kabisa bila mvuke, weka taulo katikati, pita taratibu usisimame sehemu moja. Joto ndo linaamsha ile dawa. Baada ya hapo nyunyiza maji uone. Kama bado linakunywa, tafuta dawa ya kurudishia ya majaketi haya, TX.Direct au Grangers, jaribu kuulizia Arusha kwa maduka ya gia.

Mpelelezi_wa_Kata:
Subirini kwanza. Watu wazima tunachezewa hapa.

Mgeni amepanda Meru, yuko hotelini kwenye dobi la hoteli, lakini jaketi la laki kadhaa anampa mpagazi aende nalo uswahilini. OP analeta tatizo ambalo linajibiwa na mtu mmoja tu. Huyo mtu mmoja anajua mpaka Robert Gore alivuta kwa hasira. Halafu mwishoni yanatajwa majina ya dawa tatu na mji wa kuziulizia. Kesho itawekwa namba ya WhatsApp. Wakuu hii ni chai, na sio chai tu, ni tangazo limevaa jaketi. OP na Fundi ni mtu mmoja.

Karanga_Mbichi:
Duuuh. Sasa nikifikiria kweli, Fundi alijibu haraka sana.

FundiMahema:
Mimi nashona mahema Arusha, siuzi hata pini. Na nimemwambia aanze na suuza na pasi, suuza inauzwa wapi? Mtu akitoa elimu humu ni dalali, akitukana ni mwana.

Babu_wa_Umbwe:
Mpelelezi hilo la dobi la hoteli hujui. Hoteli wanatoza kwa kipande, na wageni wengi wanapenda kumpa kijana hela akajisaidie. Hiyo sehemu ni ya kweli, nimeishi.

Mpelelezi_wa_Kata:
Babu na wewe akaunti ya tatu.

Mtoro_Glasgow:
Mimi naomba nisihesabiwe, mimi nilisema mashine tu.

MamaJunior:
Chai au sio chai, hela ya dobi irudi kwa mwenyewe.

Mgumu_Asili:
Wakuu nimerudi. Nilisuuza mpaka mgongo ukaniuma, yale maji ya mwanzo yalitoka na povu jeupe kama vile sikuwahi kusuuza. Likalala kwenye henga, jana jioni nikapiga pasi na taulo la mtoto. Karatasi ya chooni nimeweka bega zote mbili, nimemwaga kikombe kizima, imetoka kavu. Maji mabegani na mgongoni yanasimama vidonge vidonge, kwenye kofia bado yanasinzia kidogo. Ila mkono wa kushoto ule niliopuliza umebaki na mabaka, kwenye mwanga yanaonekana. [video]

Na mgeni nimeamua sitamwambia chochote, akiuliza ni moshi wa jiko. Msinihubirie, tipu yangu nani atanilipa.

MamaJunior:
Moshi wa jiko kwenye mkono mmoja tu. Utamwambia ulikuwa unapika na bega?

FundiMahema:
Kofia rudia pasi kwenye ile mikunjo ya mbele, joto halikufika vizuri. Mkono wa kushoto mwambie ukweli, atakuwa analivaa yeye kule kambi ya Barafu usiku wa kuamkia kilele na huo mkono hautoi jasho kama mwingine. Angalau avae glavu ya akiba upande huo.

Mpelelezi_wa_Kata:
Video nimeiona. Maji ya kikombe sio mvua ya Machame. Na taulo la mtoto limetokea wapi ghafla? Nasubiri namba ya WhatsApp.

Mgumu_Asili:
Watoto nilishawataja mwanzoni kabisa mpelelezi wewe, soma uzi. Fundi, nimekusikia hilo la Barafu. Ngoja nione Ijumaa akija ana uso gani.

Boda_wa_Njoro:
Fundi samahani, na hili la kwangu la plastiki, nikiweka taulo katikati pasi inafaa?

FundiMahema:
HAPANA.