Taa za nyuma za pikapu: nibadilishe balbu mwenyewe, au tatizo liko kwenye waya?

Mwenye Pikapu, Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ninayo Toyota Hilux ambayo katika msimu huu wa karafuu hubeba magunia kutoka mashambani hadi kituo cha kununulia, na mara nyingi narudi nyumbani baada ya magharibi, wakati barabara yetu ina waendesha baiskeli wengi na magari ya ng'ombe yasiyo na taa. Jirani aliyekuwa akinifuata kwa pikipiki ameniambia kwamba taa zangu za nyuma hazieleweki. Nimezikagua huku mwanangu akikanyaga breki, nikaona mambo mawili yasiyofanana.

Upande wa kushoto, taa ndogo haiwaki kabisa ninapowasha taa za usiku, lakini breki ikikanyagwa inawaka kwa mwanga mkali kama inavyotakiwa. Upande wa kulia, taa ndogo inawaka kwa unyonge, na breki ikikanyagwa mwanga mkali hautoki. Badala yake indiketa ya upande huohuo inang'aa kwa mbali, ingawa sikuiwasha, na hata kialama chake kwenye dashibodi kinaonekana kuwaka kidogo.

Ningependa kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Je, ninunue balbu za pande zote mbili? Nitajuaje balbu inayofaa, na taa yenyewe inafunguliwaje bila kuvunja kioo chake?

Fundi Umeme, Chake Chake

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeeleza vizuri sana, na maelezo yako yanaonyesha kwamba una hitilafu mbili tofauti, ambazo hazitibiwi kwa dawa moja. Usinunue chochote kwanza.

Tuanze na upande wa kushoto, kwa sababu ndio mwepesi. Balbu ya taa ya nyuma katika magari mengi ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi mdogo wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo ya usiku, na uzi mkubwa wa wati 21 kwa ajili ya breki. Uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine ukabaki mzima, na hivyo ndivyo inavyoelekea kuwa kwako. Zima gari, toa ufunguo, na ikiwa taa zilikuwa zimewashwa subiri zipoe, maana balbu huunguza vidole. Fungua mlango wa nyuma wa bodi, nawe utaona skrubu au bolti mbili ubavuni mwa taa. Kwa matoleo ya zamani, skrubu huwa ziko juu ya kioo chenyewe na unafungua kioo tu. Kwa matoleo yanayofunguliwa kwa bolti, taa nzima hutoka, lakini upande wake wa nje hushikiliwa na vipini vya plastiki, kwa hiyo ivute taratibu kuelekea nyuma ya gari, usiipinde kuelekea pembeni, kwani hapo ndipo wengi wanapovunja vipini. Bolti ikikataa kwa kutu, ipake mafuta ya kupenyeza uiache kwa muda kabla ya kuilazimisha.

Taa ikishatoka, zungusha soketi kinyume na mwendo wa saa nayo itachomoka pamoja na balbu. Kuna aina mbili utakazoweza kuzikuta. Ikiwa balbu ina kitako cha chuma chenye vijipini viwili, ibonyeze ndani kidogo, izungushe kinyume na saa, kisha iachie itoke. Hiyo kwa kawaida huandikwa P21/5W. Ikiwa haina chuma bali kitako chake ni bapa, inavutwa moja kwa moja, nayo huandikwa W21/5W. Soma maandishi yaliyo kwenye kitako, na uende dukani na balbu yenyewe mkononi. Usikubali kupewa P21W yenye uzi mmoja kwa maelezo kwamba zinafanana. Kumbuka pia kwamba vijipini vya balbu ya nyuzi mbili havilingani kimo, kimoja kiko juu zaidi ya kingine, ili iingie kwa namna moja tu. Ukiona haiingii, igeuze, usiilazimishe. Ikiingia kinyume, uzi mkali wa breki utawaka muda wote wa usiku, na aliye nyuma yako hatatambua unapofunga breki.

Sasa upande wa kulia, ambao ndio unaonitia wasiwasi. Indiketa inapong'aa kwa sababu ya breki, balbu mara nyingi haina kosa lolote. Balbu zote za taa hiyo, yaani ndogo, breki, indiketa na rivasi, hurudisha umeme kwenye bodi kupitia waya mmoja wa ethi. Waya huo ukiachia au ukiliwa na kutu, umeme unakuwa kama maji ya mvua yaliyozibiwa mtaro: hutafuta upenyo mwingine. Umeme wa breki unaufikia uzi wake, unakosa njia ya kurudi kwenye bodi, basi unapita katika uzi wa indiketa na kwenda kutafuta ethi kwenye indiketa ya mbele na kwenye kialama cha dashibodi. Kwa kuwa umegawanyika katika nyuzi kadhaa, hakuna unaowaka sawasawa. Unaweza kubadilisha balbu kila wiki na hali ikabaki ileile.

Kuna vipimo viwili visivyogharimu kitu. Cha kwanza, badilishana balbu za nyuma za kushoto na kulia. Hitilafu ikihama pamoja na balbu, balbu ndiyo mbovu. Ikibaki mahali pake, angalia soketi na waya. Cha pili, chukua kipande cha waya, upande mmoja uguse sehemu ya ethi ya soketi na upande wa pili uguse chuma kisicho na rangi kwenye chesisi, kisha mtu akanyage breki. Taa ikiwaka kwa nguvu yake na indiketa ikatulia, umepata jibu. Katika Toyota waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate mpaka pale ulipofungwa kwa bolti, ifungue, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, uifunge tena kwa nguvu, halafu upake mafuta ya mgando juu yake ili hewa ya chumvi isipaguse.

Mama wa Mwani, Jambiani

Ninashukuru kwa maelezo ya Fundi, na ninaomba niongeze jambo ambalo sisi wa pwani tunaliona kila mara. Pikapu yetu hubeba mwani mbichi, na maji ya bahari yanayochuruzika hupita pembeni mwa bodi hadi nyuma ya taa. Kwa hiyo kuifungua taa bila kuangalia mpira wake wa kuzuia maji ni kufanya nusu ya kazi. Mpira uliokakamaa au kupasuka ubadilishwe. Soketi zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi ikiwa zimeganda unga mweupe au wa kijani, zikaushwe kabisa juani, ndipo zisuguliwe kwa msasa laini.

Nawasihi pia msizibe kwa silikoni vile vitundu vidogo vilivyo chini ya taa. Watu huvidhania kuwa ndivyo vinavyoingiza maji, ilhali viliwekwa ili maji na mvuke vipate kutoka. Vikizibwa, taa hukaa na maji ndani kutwa na usiku kucha, na soketi huoza upesi kuliko mwanzo. Kinachotakiwa kuzibwa ni ufa wa kioo.

Mwenye Pikapu, Wete

Fundi, na wewe Mama, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Upande wa kushoto uzi mdogo ulikuwa umekatika kweli, nimeweka balbu mpya ya P21/5W na taa ndogo imerudi. Upande wa kulia, kile kipande cha waya kilipogusa chesisi taa iliwaka kwa nguvu zake zote na indiketa ikanyamaza. Bolti ya ethi ilikuwa imefunikwa na unga wa kijani. Nimeisafisha na sasa pande zote mbili zinalingana, kwa balbu ileile ya zamani.

Nina swali la nyongeza. Muuza vipuri amenishauri nihamie balbu za LED kwa taa zote za nyuma, indiketa zikiwemo, akisema zinadumu na zina mwanga zaidi. Je, ni ushauri wa kufuata?

Fundi Umeme, Chake Chake

Alhamdulillahi, umefanya kazi safi. Kuhusu LED, kudumu zinadumu zikiwa za ubora, na umeme zinazotumia ni mdogo. Lakini huo umeme mdogo ndio unaoleta taabu kwenye indiketa. Balbu ya kawaida ya wati 21 huvuta takriban ampea 1.75 katika umeme wa volti 12, na kifaa cha kuwashia na kuzimia indiketa katika magari mengi hutambua mvuto huo. Kikikuta mvuto umepungua hudhani balbu imeungua, na indiketa huanza kupepesa kwa haraka kupita kiasi. Kuna wanaoongeza rezista, yaani kifaa kidogo cha kuongeza mvuto wa umeme, ili kurekebisha, nayo hupata joto kali, hivyo ikifungwa karibu na plastiki au nyaya huweza kuziyeyusha. Tena, taa ya nyuma imetengenezwa ili mwanga usambae kutoka kwenye uzi ulio katikati, na LED nyingi za bei nafuu hurusha mwanga upande mmoja, kwa hiyo anayekutazama kutoka pembeni anaona kidogo. Kwa gari la mizigo linalotembea usiku, mimi ningebaki na balbu za uzi, ambazo ni rahisi na hupatikana hata katika maduka madogo. Ukipenda sana LED, anza na taa ya namba ya gari peke yake.

Kabla hujafunga kazi, fungua boksi la fyuzi ulinganishe fyuzi ya taa za nyuma na ile ya breki na ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Gari likiwa na ethi mbovu kwa muda mrefu, huenda mtu amewahi kuweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa, au hata kipande cha waya, ili taa ziwake. Ukikuta hivyo, rudisha ya kiwango chake leo hii kabla hujapakia gunia lolote, kwa sababu waya ukigusana na bodi bila fyuzi sahihi, kitakachoungua ni waya wenyewe, nao umepita chini ya mzigo wako na karibu na tangi la mafuta.