Kuchomelea aluminiamu kwa rodi: ni kazi, au ni kumlia mtu pesa?

Baba Boda, Kondele, Kisumu: Waungwana, nina boda mbili. Moja ilianguka Jumamosi, sikio la injini likakatika pale inapofungwa kwenye fremu. Krankikesi, lile kasha la injini, ni aluminiamu. Fundi jirani anasema ana rodi za aluminiamu na ataichomelea kwa mashine yake ile ile ya kuchomelea mageti, 600. Shemeji yangu wa Nakuru anasema huo ni wizi wa mchana, kazi ni ya TIG, ile mashine ya kuchomelea kwa sindano ya umeme na gesi ya argoni, na huko kwao wanataka 2,500. Je, hii ya rodi ni njia ya kweli? Na kama tunachezewa, mbona hakuna wa kuwazuia?

Fundi wa Shabab, Nakuru: Shemeji yako ana akili. Aluminiamu ina ngozi ya oksaidi inayoyeyuka kwa nyuzi 3,000, na ndani ni 600. Ukiigusa na rodi, ndani kumekuwa uji na juu bado kugumu, halafu ghafla puu, shimo. Hizo ni kazi za Kibuye, soko lenu la Kisumu, ambako hata sufuria huzibwa kwa maombi.

Nyar Kibuye: Kazi za Kibuye? Rudia hapo. Mimi nimesomeshwa na kibanda cha Kibuye, karo yote imetoka kwenye cheche. Mzee wangu alikuwa akishika rodi wakati wewe hata plasi huijui.

Mwalimu wa Fizikia: Si 3,000. Oksaidi ni nyuzi 2,072 na aluminiamu yenyewe ni 660. Tofauti bado ni kubwa, lakini ndiyo sababu rodi ile imepakwa fluksi: chumvi zake huivunja hiyo ngozi. Asiyejua fluksi ni ya nini asitishe watu na namba.

Fundi wa Shabab, Nakuru: Sawa mwalimu. Cheche imewahi kukuingia kwenye kiatu, au ni chaki tu?

Omera 001: 😂😂 chaki tu

Mwalimu wa Fizikia: Nimekosoa namba, hukujibu namba.

Mzee wa Lurambi: Vijana, mwacheni Baba Boda apate jibu. Mimi niko Kakamega na rodi hizo nazitumia. Njia ni ya kweli, ila ina masharti, na wengi wanaoitangaza hawayajui.

Kwanza uliza mashine. Rodi ya aluminiamu inataka DC, umeme wa kwenda upande mmoja, na rodi ikae upande wa chanya. Vibanda vingi bado vina zile transfoma za kusukwa kwa mkono, na zile ni AC, umeme wa kwenda na kurudi. Ukiona transfoma ya kusukwa, chukua injini yako uende. Akiwa na inveta, ile mashine ya kisasa ya kutoa DC, endelea kuuliza.

Pili, moto. Aluminiamu hukimbiza joto kuliko chuma, kwa hiyo lazima uipashe kabla, nyuzi 150 hadi 200 hivi. Jiko la makaa linatosha. Dondosha tone la maji: likirukaruka kama kwenye kikaango cha chapati, umefika. Lakini usingoje iwe nyekundu! Aluminiamu haibadiliki rangi, utaona tu imeanguka kwenye makaa. Mimi nilipoteza kava ya mteja hivyo, nikailipa.

Tatu, rodi yenyewe. Inaisha haraka mno, ukishangaa imebaki kipande. Ishike karibu wima, moto uwe mfupi, tembea mbio. Ukikatiza, ncha inafunikwa na fluksi, uigonge kabla ya kuwasha tena. Na iwe kavu. Rodi iliyolala na unyevu wa ziwa hapo Kisumu itakupa mshono wenye matundu kama andazi.

Sikio la injini ni nene, kwa hiyo linawezekana. Mafuta yatolewe yote kwanza, maana aluminiamu ya kusubu huyanywa, ukiipasha yanachemka na kutoka katikati ya mshono. Ukuta mwembamba, au mahali pasipotakiwa kuvuja hata tone, hapo mimi mwenyewe nampeleka mteja kwenye TIG. Hata ikikubali, mshono wa rodi si mzuri wa kutazama.

Nyar Kibuye: Asante mzee, umesema vizuri. Lakini yule wa Nakuru hajaomba msamaha.

Fundi wa Shabab, Nakuru: Msamaha wa nini? Mzee mwenyewe amekubali TIG ndiyo baba lao.

Nyar Kibuye: MV Uhuru II iliundwa wapi? Nakuru? Meli nzima imechomelewa Kisumu na sasa inabeba mafuta ziwani. Nyinyi mmechomelea nini zaidi ya mikokoteni?

Fundi wa Shabab, Nakuru: Meli ni ya CHUMA. Tunaongea aluminiamu. Na iliundwa na shirika la serikali lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, si na mzee wako chini ya mwembe.

Jamaa wa Kaloleni: Watu wa Nakuru wamekuwa jiji Desemba 2021 na tayari wana madharau. Kisumu ni jiji tangu 2001.

Omera 001: Hapo umewamaliza.

Bi Vyeti: Mnacheka, na huyu jamaa ataendesha abiria kwenye injini iliyoshikwa na rodi ya 600. Kaunti ifunge kila kibanda kisicho na cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Gredi tatu, mbili, moja, ziko wazi, na mtihani hata Kisumu unafanyika. Mtu asiye na cheti aunde vitanda.

Nyar Kibuye: Mzee wangu hana cheti, ana wateja. Wenye vyeti walikuja kufanya mazoezi kwake.

Bi Vyeti: Wateja hata mganga anao.

Mama Omena, Obunga: Samahani kuingilia. Sufuria yangu kubwa ya kusubu, ile ya hoteli, ilipasuka mguu wa mshikio, fundi akaichomelea kwa hizo rodi. Sasa kuna unga mweupe unarudi kila wiki pale kwenye mshono. Ni kawaida?

Mzee wa Lurambi: Mama, usiipikie. Hiyo ni fluksi haikuoshwa. Ni chumvi za kloridi na floridi, zinavuta unyevu na zinakula aluminiamu polepole. Ilitakiwa isuguliwe kwa maji moto na brashi ya waya siku ile ile. Irudishe kwake, na akisharekebisha uifanye ya kuwekea kuku maji.

Bi Vyeti: Mnaona? CHETI.

Fundi wa Shabab, Nakuru: Na Mama yuko Obunga. Kibuye ni hatua ngapi kutoka hapo?

Nyar Kibuye: Hakusema fundi alitoka wapi! Mama, fundi alitoka wapi?

Baba Boda, Kondele: Nimepita kwa yule jirani. Mashine yake ni ya kusukwa. Nimebeba injini yangu nikarudi nayo kwa tuktuk, 200. Nani ana TIG karibu na Kondele, nisiende mpaka Nakuru?

Mama Omena, Obunga: Alitoka Nakuru. Alikuja na dada yake kwa harusi.

Nyar Kibuye: 😂😂😂😂 Fundi wa Shabab, uko?

Jamaa wa Kaloleni: Amezima simu.