Kuendesha mchezo wa kusimulia kwa watoto: vifaa, kanuni na hadithi ya kwanza

BintiWete
Assalaam alaykum. Nataka kuwaanzishia mchezo wa kusimulia watoto saba wa mtaani hapa Wete, umri miaka 8 hadi 12. Ni ile aina ambayo mmoja ndiye msimulizi, kila mtoto ana mhusika wake, na dadu inaamua pale penye shaka. Ninayoijua ni Dungeons & Dragons, lakini kanuni zake ni nyingi, ziko kwa Kiingereza, na dadu za pande 20 sizioni madukani. Halafu wapo wazazi ambao dadu hawataki hata kuisikia. Naomba maelekezo ya vitendo: kanuni ngapi, vifaa gani, muda gani, hadithi inatayarishwa vipi. Na watoto saba ni wengi?

Komwe_Tatu
Waalaykum salaam bibie. Saba ni wengi. Mtoto akichukua dakika mbili kusema anachofanya na kupata jibu, aliyemaliza zamu yake atangoja dakika 12 mpaka imrudie. Wa miaka 8, dakika ya tano tu keshaanza kumfinya mwenzake. Wakiwa wanne wanangoja dakika sita, hapo wanastahimili. Gawa makundi mawili, wadogo mbali na wakubwa. Ikishindikana, wawili washike mhusika mmoja, na mwengine umpe kazi ya kuchora ramani.

Wadogo wape dakika 40, wakubwa saa moja na robo. Anza baada ya alasiri siku ambayo chuo cha Kurani kimefungwa, na umalize mapema. Adhana ya magharibi ikikukuta katikati ya mapambano, hutowapata tena.

D&D imetoka Marekani mwaka 1974 na tangu hapo vitabu vyake vinaongezeka tu. Wewe unahitaji kanuni moja: tupa dadu ya kawaida ya pande sita, 4, 5 au 6 umefanikiwa, chini ya hapo mambo yameharibika. Kila mhusika awe na jambo moja analolimudu: kupiga mbizi, kupanda minazi, kusema na wanyama, kufungua makufuli. Akilifanya hilo anatupa mara mbili na kuchukua iliyo kubwa. Nafasi yake inapanda kutoka nusu hadi robo tatu, na mtoto anaiona tofauti bila ya somo la hesabu. Mambo ya kujumlisha na kutoa alama yaache kabisa, yanaua mwendo.

Uhai wa mhusika uwe komwe tatu za bao mbele ya kila mtoto. Akiumia anatoa moja. Zikimalizika hafi, amechoka tu, na mwenziwe akimpa komwe yake moja anainuka. Ukimuua mhusika wa mtoto dakika ya kumi, zilizobaki atazitumia kuwaharibia wengine.

Wasimulizi wapya wengi hukosea kwa kutupisha dadu kila jambo. Mlango usio na kufuli unafunguka, basi. Kabla hujaitisha dadu, jiulize akishindwa kutatokea nini. Kama hakuna kitu, mwache afanikiwe. Na usiseme "umeshindwa, jaribu tena", watatupa mpaka itoke 6. Kila kushindwa kubadilishe jambo: kamba imekatika, mbwa ameamka, taa imeanguka majini.

FundiBoksi
Kuhusu dadu: wapo masheikh wanaoikataza hata pasipo pesa, kwa hiyo usibishane na mzazi wa mtu. Mchezo hauhitaji dadu, unahitaji namba ambayo hakuna aijuaye. Chukua boksi tupu la biskuti, kata vipande sita vilivyo sawa kwa kila mtoto, andika 1 hadi 6, vitie ndani ya bahasha. Anachota bila kutazama.

Alichokichota asikirudishe mpaka bahasha iishe, ndipo avitie vyote upya. Kwa dadu, kushindwa mara nne mfululizo ni nafasi 1 kati ya 16, na kwa watoto wanne wanaotupa mara kadhaa kila mmoja, si ajabu ikamkuta mmoja wao siku ya kwanza. Huyo harudi siku ya pili. Kwa bahasha, kila vipande sita vina mafanikio matatu, hayakwepeki. Mwenye ujuzi achote viwili atumie kikubwa, na vyote viwili vibaki nje. Bahasha ikiwa imejaa, nafasi yake ni 4 kati ya 5. Kikibaki kimoja tu na anahitaji viwili, avitie vyote upya.

Usiweke kopo moja la wote. Wajanja watahesabu vilivyotoka, wataona vidogo vimekwisha, kisha watagombania zamu.

Ikiwa wazazi hawana tatizo na dadu ila huna, penseli ya pande sita inatosha: andika namba kila upande uibiringishe sakafuni. Juu ya mkeka haibiringiki vizuri, na mtoto hujifunza kuilaza anavyotaka. Dadu ya boksi la kukunja na kugundisha usihangaike nayo, upande wenye gundi huwa mzito na aghlabu ndio unaolala chini.

MjaNaKusi
Hadithi iwe nusu ukurasa. Ukiandika kurasa kumi, watoto watakwenda pale ambapo hukuandika. Andika mambo matatu: wanataka nini, kitu gani kinawakimbiza, na mahali patatu, kila pahali kizuizi kimoja.

Mfano wa huko huko kwenu Pemba. Taa ya mnara wa Ras Kigomasha imezimika na jahazi linakuja usiku. Watoto wanatoka Konde na chupa ya mafuta. Kizuizi cha kwanza ni msitu wa Ngezi: mti umeanguka njiani na juu yake wamelala popo wakubwa wa Pemba. Cha pili ni ufukwe wa Vumawimbi, wanapita ukingoni mwa maji. Cha tatu mlango wa mnara, na ufunguo umechukuliwa na kima. Kwa kila kizuizi fikiria njia tatu za kupita, kisha ukubali ya nne watakayoizua wao.

Kinachowakimbiza ni maji kujaa. Chora visanduku sita mahali wote wanapoviona. Maji hutumia saa sita na kidogo kutoka kupwa hadi kujaa, basi kila kisanduku ni saa moja. Jaza kimoja kila wakishindwa, na kimoja kila wakibishana zaidi ya dakika mbili. Vikifika vitatu, ufukweni hapapitiki kwa miguu, watafute mtumbwi. Vikifika sita, jahazi limefika na mnara ungali giza. Hapo wasimulie wao wanaliokoa vipi. Hesabu hii ya maji ndiyo inayonyamazisha zogo, kuliko kelele zako.

Popobawa usimguse, wala majini na mashetani, hasa ukitaja Ngezi. Mtoto hatolala, na kesho mama mtu yuko mlangoni kwako. Zimwi la hadithi halina neno, wanalijua tangu wadogo.

BintiWete
Shukrani nyingi wakubwa. Na mtoto asiyesema kitu? Ninaye mmoja, na pembeni yake yupo anayejibu kwa niaba ya wote.

Komwe_Tatu
Asiyesema usimuulize "unafanya nini?", swali hilo ni pana mno kwake. Mpe mawili achague: "kima anakutazama, unamrushia ndizi au unajificha?" Baada ya zamu chache ataleta la tatu mwenyewe.

Mpigakelele mpe kazi ya kuhesabu maji, na zamu ziende kwa kufuata walivyokaa, kuanzia kwa yule mkimya. Akimsemea mwenziwe, jibu kwa kumtazama mwenye zamu: "Ni kweli ndivyo unavyofanya?" Wakizagaa wote, ita "Paukwa!", wataitikia "Pakawa!" na utaendelea hapo hapo. Ila usiite kila dakika, itazoeleka.

Kila mmoja awe na kadi nyekundu mbele yake, ya kusimamisha jambo lisilompendeza. Akiigeuza, jambo linaloendelea linarukwa bila ya kuulizwa sababu. Waoneshe wewe mwanzo kwa kuigeuza ya kwako, vinginevyo hakuna atakayeithubutu.