Mtoto ana tetekuwanga, shule inataka cheti cha hospitali la sivyo anaandikwa mtoro. Hii imekaaje wadau?

MamaDoreen_Igoma

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni mawazo maana hapa kichwa kimeshapata moto. Binti yangu yuko la nne, shule ya serikali huku Igoma, Mwanza. Jumapili jioni nikaona vipele kifuani nikajua ni joto tu, asubuhi vimeshajaa mgongoni na vingine vina maji, jirani kumwona tu akasema hiyo tetekuwanga mama usihangaike. Nikampigia mwalimu wake wa darasa, akanipokea vizuri akasema mpe pole. Sasa mchana ikaingia meseji kwenye grupu la wazazi WhatsApp, jina hawajataja lakini najua ni mimi, kwamba mtoto ambaye hatafika wiki hii bila cheti cha hospitali ataandikwa mtoro, moku ya kata (mtihani wa majaribio) hatafanya na jina linapelekwa kwa mtendaji.

Zahanati nimeenda jamani. Foleni mnaijua. Daktari kamwangalia, kaniuliza maswali mawili matatu, kaandika kwenye daftari, kasema nendeni nyumbani mkapumzike. Kuhusu cheti nikaambiwa anayetoa ameshaondoka nirudi kesho, na mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, asubuhi ikinipita siku yote imekwenda. Mama mkwe ndo kabisa, anasema mvalishe sweta la mikono mirefu aende akafanye mtihani wake nani atamfunua.

Naomba kujua, mtoto wa hivi anakaa nyumbani mpaka lini? Shule wana haki ya kumwita mtoro? Na mdogo wake wa chekechea ambaye hana kitu, aende au naye abaki?

ngosha_halisi

Mayu mnalea watoto kama mayai siku hizi bana. Sisi tumesoma na malaria, na matubwitubwi shingo imevimba kama nundu ya ng'ombe, unapigwa jua mstarini na unaimba wimbo wa taifa, na leo tupo. Tetekuwanga kila mtu itampata tu, tena bora waambukizane wote wakiwa wadogo wamalizane nayo. Mpeleke.

sista_bwiru

Ngosha kaka yangu nakupinga kwa upendo. Mimi ni muuguzi na hiyo ya "waambukizane wamalizane nayo" ndiyo inatuletea wagonjwa ambao tusingekuwa nao. Ni kweli mtoto mwenye afya wa umri huo wengi wao wanawashwa, wanalialia wiki moja, wanapona. Shida darasani hayuko peke yake. Kuna ticha mjamzito ambaye utotoni haikumpata, kuna mtoto yuko kwenye dawa za kila siku kinga yake iko chini na anayejua ni mama yake tu, kuna mwingine akitoka shule kazi yake ni kumbeba kichanga mgongoni. Hao ikiwapata inaweza kushuka mpaka kwenye mapafu. Na kwenye ratiba yetu ya kawaida ya chanjo za watoto hii haimo, msichanganye na surua, surua ndo ile sindano ya miezi 9 na miezi 18.

Mama Doreen, sasa nikujibu. Mtoto wa tetekuwanga anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hata vipele havijatoka, kwa hiyo Ijumaa darasani huenda ameshawaachia zawadi wenzake, hilo limepita huwezi kulirudisha. Anaacha kuambukiza pale vipele VYOTE vinapokauka na kuwa magamba, sio vya usoni tu kwa sababu ndo vinavyoonekana. Kwa wengi ni siku tano mpaka saba tangu kipele cha kwanza. Makovu yakibaki hayana shida, hayaambukizi, aende nayo shule. Sweta la bibi halisaidii kitu, maana ugonjwa unapita kwa hewa pia, na huyo mtoto atawashwa mtihani mzima.

Homa mpe paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini usimpe kabisa, na hizo ibuprofeni na diklofenaki za dukani achana nazo kwa ugonjwa huu. Kucha kata fupi. Ukiona anapumua kwa shida, au analala na kumwamsha ni kazi, au shingo imekakamaa, au kipele kimevimba chekundu kina usaha na homa imerudi upya, hapo usirudi kwenye foleni ya zahanati, nenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, Sekou Toure.

Huyo wa chekechea kama ni mzima aende. Ukishakaa na mgonjwa inaweza kuchukua siku 10 hadi 21 ndipo ujitokeze, sasa utamfungia mtoto wiki tatu ndani kwa kitu ambacho huenda asikipate? Mwambie mwalimu wake ukweli na umkague tumboni na mgongoni kila asubuhi ukimvalisha, basi.

mwl_kisiwani

Nafundisha shule ya msingi upande wa Ukerewe, naomba niseme na upande wetu kabla hatujachomwa moto hapa.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inasema mtoto akishaandikishwa lazima ahudhurie mpaka amalize na mzazi ndiye wa kuhakikisha. Hiyo haina mjadala na ndo maana mnaona mtendaji anatajwa tajwa. Lakini sheria ile inamtafuta mtoro, haimtafuti mgonjwa. Njooni huku kisiwani kipindi cha giza, mwezi haupo, dagaa wanavuliwa usiku kucha, asubuhi unaita majina la sita unajikuta unaita ukuta, wavulana wako mwaloni wanaanika. Ukimuuliza mzazi anasema "alikuwa anaumwa". Wiki nzima anaumwa, na siku mwezi unapotoka anapona! Sasa walimu wakuu wakishazoea hivyo ndo wanaanza kudai cheti kwa kila mtu, na mwenye mgonjwa wa kweli anaumia.

Kwenye mahudhurio ya kila siku tunatenganisha. Kuna wagonjwa, kuna wenye ruhusa, kuna watoro. Mama ameshapiga simu siku ile ile, huyo binti anaingia kwa wagonjwa. Mwalimu wa darasa ndo mwenye rejesta, sio aliyeandika kwenye grupu. Siku hizi tunaingiza na kwenye mfumo kwa vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyopewa, kwa hiyo kama umeandikwa vibaya ni kusahihisha tu, waombe mapema kabla mwezi haujafungwa.

Na cheti mama unacho tayari. Si umesema daktari kaandika kwenye daftari? Ukurasa huo una tarehe, una jina la ugonjwa, mara nyingi na mhuri. Piga picha, mtumie mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu kwa simu zao, SIO kwenye grupu, magonjwa ya mtoto wako sio ya kusomwa na wazazi mia mbili.

Nimeona wazazi wengine huwa wanaogopa fimbo pia. Kanuni za viboko za 2002 zinasema ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi na inaandikwa kwenye kitabu. Kuumwa hakumo. Mtoto akirudi akachapwa eti hakuja wiki iliyopita, anza kwa mwalimu mkuu, usipoelewana naye nenda kwa afisa elimu kata.

Moku ya kata ni zoezi la kujiandaa tu, haiendi Baraza la Mitihani. Karatasi zikishafanyika aombe nakala moja afanye akipona.

ngosha_halisi

Haya sista nimekuelewa, nimeshuka kwenye mti. Ila sasa tuambie basi kipi cha kubaki na kipi cha kwenda maana mtoto wa hapa Mwanza ukisema kila akiumwa abaki hatasoma, leo malaria, kesho tumbo, keshokutwa macho, mara mafua ya vumbi, huyu wangu akisikia kuna hesabu anaanza kukohoa.

sista_bwiru

😂 Huyo wa hesabu mpeleke.

Mafua na kikohozi kidogo, anacheza, anakula, hana homa, aende na kitambaa chake. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi hicho leteni tupime makohozi, msikae mnanunua dawa za maji tu. Akiwa na joto la mwili la 38 na kwenda juu abaki, na arudi shule akiwa amemaliza siku nzima bila homa na bila dawa ya kushusha homa, maana wengi mnampa paracetamol saa kumi na mbili asubuhi, anaingia darasani yuko poa, saa nne ameshalala juu ya dawati.

Homa ya kanda yetu hii usiikalie bila kupima malaria, kile kipimo cha tone la damu hakichukui hata nusu saa. Malaria haimpati jirani wa dawati, anayeambukiza ni mbu, kwa hiyo anabaki nyumbani kwa ajili yake mwenyewe, anameza mseto siku tatu mara mbili kwa siku mpaka ziishe hata akionekana mzima siku ya pili, na akipata nguvu anarudi, sio lazima wiki.

Kuhara au kutapika abaki mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Kwenye hili mimi ni mkali kuliko kwenye tetekuwanga, angalieni vyoo vya shule zetu na ndoo moja ya maji ya kunawa, na kipindupindu kanda ya ziwa sio hadithi. Macho mekundu tuliyaona Januari 2024 yalivyozunguka nchi nzima, mtoto akiwa na macho yanatoa machozi na matongo abaki mpaka yatulie, taulo lake peke yake, na tafadhali msiweke mkojo wala majani ya chai machoni. Surua siku nne tangu vipele vitoke na hiyo lazima ije kituoni tuitolee taarifa. Matubwitubwi ya Ngosha siku tano tangu uvimbe uanze.

Mapunye anaenda shule huku anatibiwa, asivuliwe kofia akachekwa. Kichocho hakiambukizwi darasani, kinatoka ziwani kwa konokono, aende shule ameze dawa siku ile wanapogawa, na asiogelee.

jane_wa_mbali

Nyumbani kwetu Nyegezi ila niko Uingereza kwa sasa. Huku nako wanabana, ukimtoa mtoto shule bila ruhusa mkaenda zenu likizo faini ni paundi 80 kila mzazi kwa kila mtoto, ilipanda Agosti 2024. Ila ya ugonjwa haimo, unapiga simu shule asubuhi unasema ana nini, basi. Mara nyingi cheti hawaombi, ila mahudhurio yakiwa mabaya muda mrefu ndo wanaanza kuuliza.

baba_pacha_Buhongwa

Wote mmeongea vizuri na sista ubarikiwe lakini kuna kitu mnakizunguka. Watoto wanaenda shule wagonjwa kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Mimi ni dereva, mke wangu ana genge, pacha wangu wakiugua mmoja wetu analala njaa, sio maneno. Shule angalau kuna uji saa nne na kuna mtu mzima. Siku moja mmoja wao alitapika kwenye daladala njiani na bado nilimfikisha, nilikuwa na gari ya mtu ningefanyaje.

Kwetu kamati ya shule ilikaa ikakubali mambo mawili na kidogo imetulia. Mzazi anatuma meseji ya kawaida kwa mwalimu wa darasa kabla ya saa mbili, anaandika jina, darasa na ugonjwa, inatosha kwa siku mbili za kwanza. Zaidi ya hapo ndo daftari la zahanati. Maana cheti cha siku ya kwanza ni kuwajazia manesi foleni ya watoto ambao walitakiwa walale tu. La pili, mtoto akiugua akiwa shule anapigiwa mzazi na namba ya pili ya jirani, sio anaachiwa atembee mwenyewe kurudi. Kakae na wenzako mpeleke hoja kwenye kikao, msingoje iandikwe na mwalimu mmoja kwenye grupu.

Kuhusu nani wa kukaa naye, mama Doreen huyo bibi wa sweta si yupo hapo nyumbani? Kama aliwahi kuugua yeye ndo mtu sahihi kabisa.

MamaDoreen_Igoma

Wabeja sana jamani. Nimepiga picha daftari nikamtumia mwalimu mkuu, hakujibu mpaka jioni, akasema sawa nimeona, apone kwanza, moku atafanyia ofisini kwa mwalimu wa taaluma akirudi. Ile meseji ya grupu haijafutwa wala hakuna aliyesema kitu, ila mwalimu wa darasa kaniambia rejesta iko sawa. Bibi aliugua utotoni huko Magu, kakubali kukaa naye kwa masharti nisimpangie dawa. Sasa kachemsha ndoo ya mwarobaini anataka kumwogesha na kumsugua kwa dodoki eti vitoke haraka. Sista hiyo imekaaje?

sista_bwiru

Kuoga ruhusa, maji yawe vuguvugu, na huo mwarobaini ukiwa mwepesi kwa nje sina ugomvi nao, ila asimnyweshe. Dodoki hapana! Vikipasuka vinaingia uchafu na ndo makovu hayo. Amwagie tu, amkaushe kwa kugusagusa na khanga laini, halafu amvalishe gauni jepesi la pamba. Hilo sweta alifiche.