Chakula cha shule kwa kijana wa kidato cha pili

Mama wa Tabata: Naomba ushauri. Mwanangu hurudi na hotpoti ikiwa imejaa, akidai kwamba wali umeshikana na mchuzi umemwagikia madaftari. Nimfungie nini kisichonichelewesha alfajiri?

Bi Mkubwa: Dada, achana na mchuzi. Mkunjie chapati kwa mayai yaliyokaangwa na hoho, kabichi na nyanya, kama rolex ya Waganda, kisha uifunge ikishapoa kidogo, kwani mvuke ukifungiwa ndani huilowesha. Vijana wa rika hilo hupenda chakula cha kushika mkononi, kisichowaaibisha mbele ya wenzao.

Baba Wawili: Naafiki, ila mayai yaive kabisa, maana joto la Dar es Salaam huchachusha chakula upesi. Siku nyingine mkate wenye siagi ya karanga unatosha.

Mama wa Tabata: Ahsanteni. Chapati nitazipika usiku.