Tupeane uzoefu: gari ikigoma kupiga stata, wewe ulianzia wapi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Nimefungua uzi huu baada ya kununua stata mbili (ile mota inayozungusha injini ili iwake) ndani ya mwezi mmoja, na zote mbili hazikuwa na haja. Humu najua kuna waliopitia haya. Tuelezane: gari ilifanyaje, ulianza kugusa nini, mwisho ikaonekana ni nini.

Naanza na yangu. Corolla 110, otomatiki. Siku ya kwanza ilinigomea ndani ya pantoni, tumeshafika upande wa Kigamboni, pikipiki na waenda kwa miguu wameshatoka. Nazungusha ufunguo: tak. Tena: tak. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaongea, nyuma yangu ni honi tu. Vijana wanne wakaisukuma hadi nje. Mama mmoja alitua beseni lake la samaki akaja kuongeza nguvu upande wa mlango wangu. Nilimshukuru siku ile na namshukuru tena hapa.

Fundi wa kwanza aliisikia ile tak akasema stata imekufa. Tukaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, stata ya mtumba, 120,000. Ikapiga vizuri siku nne. Ya tano, tak. Tukaweka ya pili, nayo hivyohivyo. Ndipo jirani akanipeleka kwa fundi umeme wa Temeke, mtu mzima, ambaye hakushika spana kabisa. Alitoa mita ya kupimia volti, ncha moja akaigusisha kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bodi ya stata, akaniambia, "Piga." Ikasoma volti 2.3. Akasema hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri, ikishazidi nusu volti ujue njia ya umeme kurudi betri imeziba. Akaushika waya wa athi unaotoka betri kwenda kwenye injini, akauchana gamba kwa kisu. Ndani shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi zilizobaki nzima unaweza kuzihesabu. Kila fundi aliyefungua kichwa cha betri ili atoe stata alikuwa anautikisa ule waya bila kujua, unashika siku mbili tatu, kisha unaachia. Waya mpya na vichwa vyake, 20,000. Huu ni mwezi wa saba sijasikia tak.

Fundi umeme, Morogoro

Pole mkuu. Hilo la kubadilisha stata kwa kusikia tak linaniuma sana, kwa sababu nawapokea wateja wa namna hiyo kila wiki, wameshamaliza hela.

Sauti inasaidia, ila lazima uisikilize vizuri. Ikipiga tatatatata mfululizo, hiyo karibu kila mara ni betri imeishiwa au vichwa vyake vimelegea. Solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Usiguse stata hapo. Ukisikia tak moja nzito, washa taa kubwa kisha mwambie mtu apige huku wewe umesimama mbele. Taa zikififia karibu kuzima, rudi kwenye betri na nyaya, au mota yenyewe imekamata. Taa zikibaki vilevile, umeme haufiki kwenye mota: kontakti za solenoidi (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme) zimelika au kaboni zinazoingiza umeme ndani ya mota zimeisha. Kimya kabisa, hata tak hakuna, anza na fyuzi, relei, swichi ya ufunguo na swichi ya gia.

Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 ujue imebaki nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha kuyaona haya yote, na nawasihi kila mwenye gari awe nayo.

Na tafadhali, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi. Mota ya stata inakula umeme mwingi mno, inachemka haraka. Piga, achia, subiri nusu dakika. Nimeshafungua stata ambazo koili zake zimeungua nyeusi tititi, na gari tatizo lake lilikuwa pampu ya mafuta.

Mdau, Nairobi

Hamjambo. Mimi gari ilikataa kuwaka nikiwa maegesho ya kazini, saa mbili usiku. Kimya kabisa, hata kubofya hakuna. Nikampigia kakangu, akaniuliza, "Umeijaribu ukiwa N?" Nikakanyaga breki, nikapeleka gia N, yaani nyutro, ikawaka mara moja. Swichi ya gia ilikuwa imechakaa, kwa hiyo gari haikujua kama iko P, na otomatiki haipigi stata mpaka ijue iko P au N. Mekanika aliirekebisha kesho yake. Kina dada mnaoendesha peke yenu usiku, hili mlijue kabla ya kumwita mtu msiyemfahamu.

Mdau, Maskati

Salaam kutoka Oman. Huku joto la Juni linafunua kila kitu. Gari yangu asubuhi inapiga vizuri, lakini nikisimama kujaza mafuta baada ya safari ndefu, inagoma. Nikisubiri dakika ishirini inakubali. Stata ilikuwa karibu na bomba la moshi, na bati la kuikinga joto lilikuwa limeng'oka zamani. Koili ikishachemka upinzani wake unapanda, nguvu zinapungua. Nilirudishia bati na kubadilisha kaboni, imekwisha. Betri huku nayo ikimaliza miaka miwili au mitatu unashukuru.

Mdau, Tukuyu

Wakuu, mimi nina tatizo hivi ninavyoandika, naomba msaada. Hilux, injini 5L ya dizeli, gia za mkono, nabeba parachichi. Asubuhi nikipiga ni tak, tak, tak, labda mara ya nane au ya kumi inashika kwa nguvu zote kama hakuna kilichotokea. Betri ina miezi mitatu. Tangu mwezi wa pili nalaza gari mlimani, jiwe chini ya tairi. Saa kumi alfajiri natoa jiwe, naiachia ishuke, naingiza gia ya pili, naachia klachi. Lakini huku kwetu mvua zikikolea ule mteremko ni utelezi mtupu, na juzi gari ilipita mbele ya mlango wa jirani bila kuwaka. Kuna watoto pale. Silali vizuri. Nimeambiwa niigonge stata kwa nyundo.

Fundi umeme, Morogoro

Ndugu yangu, acha nyundo. Kugonga kidogo kwa mpini huwa kunasaidia kaboni zilizokwama, lakini stata za sumaku za kudumu ukizigonga sumaku inapasuka ndani, halafu hapo umenunua stata kweli. Gari ya gia za mkono, uhakikishe iko nyutro na breki ya mkono imepandishwa, kisha pima hivi. Nyuma ya stata kuna bolti mbili kubwa. Moja inapokea waya mnene wa betri, ya pili ina waya mfupi unaoingia kwenye mota. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye bodi ya stata. Nyekundu iguse bolti ya betri, mtu apige. Kisha iguse ya pili, apige tena. Niletee namba mbili, zote ziwe zimesomwa ikiwa imegoma.

Mdau, Unguja

Wakati tunamsubiri, niongeze la kwangu. Stata ilikuwa inazunguka viiiii, injini haitikisiki. Niliambiwa bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayouma injini, nikabadilisha bendeksi, ikarudia vilevile. Kumbe meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yamelika sehemu moja. Injini ya silinda nne ikizimwa huwa inapenda kusimama sehemu zilezile, kwa hiyo stata inauma meno yaleyale miaka yote. Fundi alitia spana kwenye puli ya mbele akaizungusha injini kidogo, nikapiga, ikawaka. Hapo ndipo tukajua. Kazi yake ni kubwa kwani gia boksi lazima ishuke, lakini angalau sikununua kitu kingine cha bure.

Mdau, Tukuyu

Shikamoo mzee wa Morogoro. Nimepima na kijana wangu. Bolti ya betri: 11.9 wakati wa kupiga. Bolti ya pili: 0.4. Ilipokubali kushika nikapima tena zote mbili, zikakaribiana, 10.3 na 10.1.

Fundi umeme, Morogoro

Marahaba. Umepima vizuri sana. Umeme unafika mlangoni na hauingii ndani. Mota yako ni nzima, na kontakti za shaba ndizo zilizokwisha. Dizeli ina kompresheni kubwa, stata inavuta umeme mwingi, kila unapopiga zinaungua kidogo. Hizi stata za Denso za Toyota za zamani zinafunguka kirahisi. Fungua kichwa hasi cha betri kwanza, usiruke hatua hii, ule waya mnene una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma chenye bolti tatu, chomoa plunja (kile kipande kinachosogea na kuunganisha kontakti) na springi yake. Utaviona vipande viwili vya shaba. Unaporudishia vipya, viwe usawa mmoja kabisa kabla hujakaza. Kimoja kikiwa juu, plunja itagusa upande mmoja tu na tak itarudi.

Mdau, Tukuyu

Wakuu, nimerudi. Nilienda Mbeya mjini kutafuta kontakti, duka la tatu ndilo lililokuwa nazo, 15,000 pamoja na plunja. Tumefungua jana jioni na kijana wangu. Cha upande wa betri kimelika hadi kimebaki kama ukucha, na uso wa plunja una shimo jeusi upande huohuo. Cha upande wa mota bado kinene. Nimeviweka vya zamani na vipya juu ya meza, mke wangu akaniuliza kama kweli ni kifaa kimoja.

Usawa ulitusumbua, tulikaza na kulegeza mara tatu, tukipima kwa rula. Leo alfajiri nimepiga mara moja, ikashika mara moja. Nikaizima, nikapiga tena, nikazima, nikapiga. Kijana alikuwa anahesabu, tukafika kumi na mbili bila tak hata moja. Kisha nikaenda nikalichukua lile jiwe mlimani, na usiku huu Hilux imelala tambarare, mbele ya mlango wangu.